Watoto wa Septemba

10 Februari

Baba watoto,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Hatujambo, wanao wanakula na kugombana kama kawaida, na huyu mdogo sasa anakaa mwenyewe. Mgongo wako unaendeleaje?

Juzi walikuja akina mama wawili wa utafiti, wanatuuliza wanawake tulivyojifungua. Walikuwa na jambo linalowasumbua: wodi ya wazazi hukaa karibu tupu mwaka mzima, ikifika Septemba tunalala watatu kitanda kimoja. Nikawaambia waume zetu wote wako kampuni moja, na wote hupewa likizo Desemba. Hesabuni wenyewe. Walicheka mpaka mmoja akaangusha kalamu.

Wakaniuliza pia habari ya kupanga uzazi. Nesi alishanishauri nipumzike kuzaa. Nataka kuwekewa kijiti cha mkononi kabla hujaja. Unasemaje?

Mama watoto wako

28 Februari

Mama watoto,

Barua imenikuta mzima, ila mgongo unalia kama mlango mbovu. Zege halina huruma.

Habari ya Septemba niliwasomea wenzangu wakati wa kula. Fundi nondo akasema, "Kumbe hata uzazi tunapangiwa na nyapara." Nyapara mwenyewe alicheka.

Sasa sikiliza, nimepata dawa. Nimebadilishana likizo na mpishi wa kambi, ambaye yeye hupewa Juni. Yeye ataenda Desemba, mimi nakuja Juni. Ukishika mimba hapo utajifungua Machi, wodi tupu, kitanda chako peke yako, nesi wako peke yako. Kijiti cha nini tena? Usijiingizie vitu mwilini bure. Na mimi nataka binti, hawa wavulana watanizeesha.

Mumeo

15 Machi

Mume wangu,

Sisi wazima, natumaini na wewe umepumzisha huo mgongo.

Barua yako ilinichekesha, kisha nikashindwa hata kuendelea kufua. Umehangaika kwa ajili yangu, nimeona. Lakini tatizo si kitanda. Nilipomzaa huyu mdogo, damu ilikataa kukatika. Niliongezewa chupa baada ya chupa. Mama yako akakataza usiambiwe. Alisema, "Mwanangu anafanya kazi juu ya jukwaa, akili ikimruka ataanguka." Ndiyo maana ulipata habari kwamba mama na mtoto wazima. Daktari amesema nikibeba mimba mapema, safari hii huenda nisirudi nyumbani.

Kijiti nimeshawekewa, Alhamisi iliyopita. Sikungoja jibu lingine. Kama ni kukasirika, kasirikia huko huko, ufike Juni umeshapoa.

Mama watoto wako

2 Mei

Mke wangu,

Habari za hapo? Najua umengoja sana. Mimi nipo, mkono unaoandika ndio ulikuwa mzito.

Nilikasirika, sikufichi. Niliona umenipita mlangoni kama mgeni. Nikabaki hivyo wiki nzima, nala peke yangu, mpaka fundi nondo akaniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu hapana, kisha nikaona nilivyokaribia kumjibu ndiyo. Ndipo nikaelewa ulichoniandikia.

Siku ile nilipoletewa habari kwamba mama na mtoto wazima, nilinunulia kambi nzima soda. Nilicheza, mimi mtu wa mgongo huu. Kumbe wewe uko huko unaongezewa damu. Sasa mtu akifungua soda karibu yangu, naondoka.

Mama usimlaumu, nitazungumza naye mwenyewe. Kijiti kikae. Ya binti tuyaache, hawa wavulana watafundishwa kuosha vyombo.

Nina ombi moja. Wageni walifika hapo nyumbani wakakuuliza ulivyojifungua, ukawajibu. Mimi mumeo, watoto watatu, sijakuuliza hata mara moja. Niandikie kabla sijaja. Uchungu ulikukutia wapi, nani alikushika mkono, ulikuwa unasema nini. Usinipunguzie. Nasoma polepole, lakini huwa namaliza.

Mumeo