Mkoa wa Nyumbani wa Winfrida

KITUO CHA POLISI, MOSHI MJINI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hilda Shedrack Nkya
Umri: Miaka 46
Kabila: Mchagga
Dini: Mkristo, KKKT
Kazi: Mpiga chapa wa kujitegemea
Anakoishi: Majengo, Moshi
Nyumbani: Masama, Wilaya ya Hai
Tarehe na saa: 9 Januari 1995, saa 3.20 asubuhi
Kuhusu: Tuhuma ya kutoa taarifa za uongo katika maombi ya chuo cha udaktari, dhidi ya Winfrida Efraimu Nkya, miaka 21

Mimi ni mpiga chapa. Nina mashine mbili katika chumba cha kupanga karibu na msikiti, na tangu mwaka 1983 kazi yangu ni kuwapigia watu barua na kuwajazia fomu. Nasema hivyo ili ieleweke mapema kwamba fomu inayolalamikiwa niliijaza mimi, kwa mkono wangu, nikiwa na akili timamu. Winfrida aliweka sahihi tu, tena kwa sababu nilimwambia aweke. Kama kuna mtu wa kuwekwa ndani, niko hapa. Nimekuja na khanga ya kujifunika.

Winfrida ni binti wa kaka yangu Efraimu. Alizaliwa Nachingwea, mkoa wa Lindi, tarehe 3 Machi 1973. Baba yake alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kubangua korosho huko. Shule ya msingi amesoma Nachingwea, sekondari Lindi, kidato cha tano na sita Mtwara. Mama yake alifariki mwaka 1985 ndani ya lori la korosho, wakimkimbiza Lindi kutafuta daktari wa upasuaji. Tangu siku hiyo mtoto anasema atakuwa daktari na atarudi Nachingwea. Hajawahi kusema jambo lingine, na sisi tumechoka kulisikia.

Masama alikuwa akija na baba yake wakati wa Krismasi, wiki mbili kila mwaka. Ukiondoa hizo wiki mbili, maisha yake yote ni kule kusini. Kimwera anakiongea kama maji. Kichagga chake kinawachekesha binamu zake mpaka wanajishika mbavu. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1992, ndipo Efraimu alirudi kwenye kihamba cha baba, yaani shamba letu la migomba na kahawa, na binti akamfuata alipomaliza kidato cha sita.

Mnamo mwezi Mei 1993 Winfrida aliomba chuo cha udaktari, jina la chuo mnalo kwenye jalada. Fomu ilijazwa na kaka yangu. Penye "Mkoa wa nyumbani" aliandika KILIMANJARO kwa herufi kubwa, kwa wino. Baadaye nilimwuliza kwa nini. Akanijibu, "Kwani kwetu ni wapi, Hilda? Mimi kule nilikwenda kutafuta tu."

Sisi ndivyo tulivyo, Sajini. Mchagga anaweza kukaa Tunduru miaka arobaini, akajenga, akazaa, akazika mke, lakini ukimwuliza habari za huko atakwambia, "Niko huku natafuta." Kaka yangu alitafuta Nachingwea miaka ishirini na miwili.

Agosti 1993 majina yalitoka. Winfrida hakuwemo. Alikuwemo Zita, rafiki yake wa Nachingwea, waliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tatu, huku alama za Winfrida zikiwa zimezipita za Zita kwa mbali. Mnamo tarehe 6 Septemba nilipanda basi nikaenda chuoni mwenyewe. Karani alinipokea vizuri, hilo sikatai. Alisema, "Mama, binti yenu ana alama nzuri sana. Ila nafasi zinagawanywa kwa mikoa. Ninyi wa Kilimanjaro mmeomba zaidi ya mia tatu na nafasi zenu ni tisa. Lindi waliotimiza sifa hawajajaza hata zile walizopewa."

Nataka iandikwe kwamba mimi silaumu mgawo. Huku mlimani kila ukigeuka kuna shule ya misheni, na kila baba mwenye migomba miwili anataka mtoto wake avae koti jeupe. Lindi hawana shule hizo, na wagonjwa wao pia ni watu. Zita anastahili na ninamwombea. Ninachouliza ni hiki: huyu wetu amesoma katika maabara yenye darubini moja, nayo imevunjika, halafu mnamwambia apange foleni na watoto wa huku wenye walimu wa kila somo. Shida amekula za Lindi, kuhesabiwa anahesabiwa Kilimanjaro. Kama huo ni ugawaji wa haki, basi nionyesheni haki yenyewe imekaa upande gani. Sajini ameniomba nirudi kwenye tukio. Narudi.

Nilimwuliza karani yule, "Mkoa wa nyumbani maana yake nini hasa?" Akasema, "Ni kwenu." Nikamwuliza kwetu maana yake ni pale ulipozaliwa, uliposoma, au pale alipo babu yako. Akaichukua fomu, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akasema haijaelezwa.

Mnamo tarehe 17 Mei 1994, ofisini kwangu, nilijaza fomu ya pili. Nikaandika Lindi. Niliambatanisha cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na cheti cha darasa la saba, vyote vya Nachingwea. Sikughushi hata nukta. Ila kwenye anwani ya mzazi niliandika Masama, kwa sababu ndipo Efraimu anapopokelea barua. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Novemba tukapata barua kwamba Winfrida amepewa nafasi, masomo yanaanza tarehe 23 Januari 1995, kwa sharti kwamba mkoa wake utahakikiwa. Kwa akili ya kawaida mtu angehakiki Lindi. Wao walifuata anwani.

Mhakiki alifika Masama tarehe 28 Desemba 1994, siku ya Jumatano, saa 6 na robo mchana. Angechagua siku nyingine yoyote ya mwaka, angekuta baba yangu peke yake na ng'ombe. Lakini alikuja wiki ya Krismasi, ukoo mzima umepanda nyumbani kutoka Dar, Arusha mpaka Tarakea, watu arobaini na zaidi uani, mbuzi wawili wamechinjwa. Baba yangu, Mzee Shedrack, ni mzee wa kanisa na anapenda wageni. Alimpisha kiti chake, akaonja kwanza mbege, pombe yetu ya ndizi, kama desturi ilivyo, ndipo akampa kata mkononi.

Mhakiki akauliza, "Mzee, huyu Winfrida ni wa wapi?"

Baba akasema, "Wa hapa! Wa wapi tena?"

Mimi nilikuwa jikoni nikikoroga ndizi za machalari. Nilitoka na mwiko mkononi. Nilimkonyeza Baba, nikakohoa, nikamwita ndani kwamba kuna simu, na nyumba ile haijawahi kuwa na simu. Ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa. Akaniambia kwa Kichagga, mbele za watu, "Hilda, usiniaibishe mbele ya mgeni." Kisha akamshika mhakiki mkono akampeleka kihambani kumwonyesha mgomba ambao chini yake kilizikwa kitovu cha Winfrida. Ni kweli kilizikwa pale. Efraimu alikifunga katika leso akasafiri nacho siku nne kwa basi kutoka Nachingwea. Mhakiki alisimama mbele ya mgomba ule akaandika.

Wengine nao hawakutaka kupitwa. Huyu anasema alimbeba, yule anasema alimfundisha kutembea, mwingine kwamba alibatizwa kanisa la pale chini, uongo mtupu, alibatizwa Nachingwea. Kila mmoja alidhani anamsifia mtoto. Wajinga wote, na ninawapenda, lakini wajinga. Nilijaribu kumwambia mhakiki habari za cheti cha kuzaliwa, akanijibu cheti ameshakiona na sasa anawasikiliza wenye mtoto.

Mwisho alimwita Winfrida mwenyewe. Alimwuliza, "Binti, kwenu ni wapi?" Winfrida alimtazama babu yake. Baba alikuwa amesimama anatabasamu, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Nilijua mtoto atasema nini na sikuweza kufanya lolote. Akasema, "Nimezaliwa Nachingwea, lakini kwetu ni hapa." Mhakiki akaandika ile nusu ya pili. Saa 8 na nusu Baba alitia dole gumba kwenye maelezo, kwa sababu miwani yake ilikuwa chumbani na hakutaka kumsubirisha mgeni. Wakampa mhakiki paja la mbuzi la kwenda nalo.

Tarehe 5 Januari ilikuja barua. Nafasi imesimamishwa, polisi wamearifiwa, na kama hatutaleta kanusho la maandishi kutoka kwa mzee aliyetia dole gumba, likafika kabla ya tarehe 16, nafasi anapewa mwingine. Tarehe 6 Winfrida aliitwa hapa kituoni, akahojiwa, akadhaminiwa na baba yake. Tangu hapo hali chakula vizuri. Anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Juzi Jumamosi, saa 4 asubuhi, nilipanda Masama kumwomba Baba aandike kanusho. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza taratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Unataka nimkane mjukuu wangu serikalini?" Nikamwambia si kumkana, ni karatasi tu. Akasema, "Zamani asiye na kwao alikuwa mtumwa. Mimi sitaandika kwamba damu yangu haina kwao." Nikakasirika, nikamwambia kwa mapenzi yake hayo mtoto ataishia kukamua ng'ombe wake. Si maneno ya kumwambia baba yako. Nilishuka bila kuaga.

Leo amekuja. Yuko kwenye benchi la nje, ameketi na Winfrida. Hakuja kwa ajili yangu na hatujasemezana. Efraimu naye yuko nje, analia, na hilo nalo linaniudhi, maana herufi kubwa zile za kwanza ni zake.

Ninaomba ijulikane kwamba binti huyu hakudanganya mahali popote. Aliulizwa swali moja mara tatu, mara mbili kwenye fomu na mara moja na mhakiki, na kila mara alimtii mkubwa aliyekuwa karibu. Aliyempotosha ni mimi, na baba yake, na babu yake, na yule asiyejua fomu yake inauliza nini. Nimeyasema niliyoyaona na niliyoyatenda. Mengine ni hasira zangu, nanyi mnaweza kuyaacha.

Sahihi ya shahidi: H. S. Nkya

MAELEZO YA MPOKEZI

Nimeyaandika mimi, Sajini Valerian, na kumsomea shahidi saa 5.10 asubuhi. Amekubali ni sahihi. Nilimshauri tuondoe neno "wajinga", amekataa.

Saa 5.25 Mzee Shedrack Nkya, miaka 79, aliingia bila kuitwa. Alisema amesikia sehemu kubwa kupitia dirisha, kwa kuwa shahidi alizungumza kwa sauti. Aliuliza kama barua ikifika kabla ya tarehe 16 mtoto ataingia chuo. Nilimjibu kwamba hilo silijui, ila bila barua hataingia. Nilimpa kidau cha wino atie dole gumba. Alikikataa, akavaa miwani, akaomba kalamu. Karatasi ya kwanza aliichana. Ya pili aliiandika kwa takriban dakika ishirini na imeambatishwa. Inasomeka hivi:

"Mimi Shedrack Nkya wa Masama nasema Winfrida si wa hapa. Kwao ni Nachingwea, Lindi. Siku ile mgeni aliniuliza mtoto ni wa wapi, mimi nikamjibu ni wa nani."