Dawa ya Josho na Mikono ya Kaka

Kisarawe, Jumanne baada ya isha

Rangi ya buluu ya jaribio letu imekataa kufifia, na tangu asubuhi sijatulia. Siku zote ini la ng'ombe lililosagwa huifuta rangi hiyo kwa dakika chache. Leo maabarani tulitia tone la dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe, na kimeng'enya cha ini, kile kinachoifuta rangi, kikasimama kabisa. Bwana Daktari anayetufundisha akasema arseniki, sumu ya dawa hiyo, huishika salfa iliyomo ndani ya kimeng'enya, kisiweze kufanya kazi.

Kaka Shabani huikoroga dawa hiyo kwa mikono mitupu kila wiki.

Jioni nikamfuata. "Kaka, iache kazi ya josho."

Akacheka. "Mbona wanaokufa ni kupe tu?"

Nikamweleza habari ya ini, na kwamba hata miili yetu ina kimeng'enya kama hicho. Akaninyooshea mikono.

"Ina ganzi tangu Ramadhani. Nimemficha hata shemeji yako."

Kesho nampeleka hospitali. Naomba nisiwe nimechelewa.