Niandikieni Nisije Nyumbani

Kambini, chini ya milima ya Nyandarua
Majira ya baridi

Kwa dada yangu mpenzi Wakesho,

Pokea salamu nyingi kama maharagwe ya kwetu Wusi mwaka wa mvua njema. Mimi ni mzima, na chawa wangu ni wazima kunishinda. Mama anaendeleaje na goti lake? Baba bado anakohoa asubuhi? Na wewe, na watoto, na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa na mimba nilipoondoka, alizaa dume au jike? Niambie yote, hata unayodhani ni madogo, maana huku habari ndogo ndizo ninazozililia.

Barua hii umeipata mkononi mwa mtu, si posta. Aliyeileta ni mchochea moto wa garimoshi, anafanya kazi na mumeo hapo stesheni ya Voi. Usimwulize maneno mengi. Nilimtazama sana kabla ya kumpa, na bado sina hakika kama nilifanya vizuri. Ukishawasomea wazee, itie motoni. Usicheke, dada. Najua ulikuwa ukiniita domo kaya, mtoto asiyeweza kuficha hata kwamba amekula sukari. Mtoto huyo hayuko tena.

Nyinyi mnadhani mimi ni askari wa kofia na viatu vinavyong'aa, kama kwenye ile picha niliyowatumia. Picha ile imepitwa na wakati. Mwanzoni vita hii ilipiganwa kama ile ya Baba, ya Wajerumani, alipobebeshwa masanduku ya risasi kule Maktau na Taveta: askari wengi, mstari mrefu, kila upande na nguo zake. Tuliingia msituni kwa makundi makubwa, tukikohoa na kuvunja matawi, na ndege zikaangusha mabomu yakaua nyati na tembo. Watu wa msituni walitusikia tangu tukifunga kamba za viatu. Basi wakubwa wakaona heri vikundi vidogo, askari wachache na mjuzi mmoja wa nyayo. Hapo ndipo nilipochukuliwa mimi, kwa sababu nilijisifu kwamba mjomba wetu wa Rukanga alinifundisha kufuata swala nyikani. Mdomo huo huo wangu! Nayo hiyo haikutosha. Sasa wakubwa wamevumbua jambo jingine: hatuwafuati tena watu wa msituni, tunajifanya wao.

Nimefuga nywele mpaka zimesokotana. Navaa koti la ngozi ambalo Mama asingeruhusu liingie hata zizini. Sabuni ni marufuku na sigara pia, maana msituni pua humtambua mtu kabla ya jicho. Wenzangu kikundini karibu wote walitoka huko huko msituni. Walikamatwa, wakaonyeshwa kitanzi, wakaonyeshwa chai na blanketi, wakachagua chai. Siku hizi wanatuongoza kwa rafiki zao wa jana, wanawaita kwa majina, na wale wanaoitikia hawarudi kwao. Mimi sijui Kikikuyu. Kwa hiyo nafungwa kitambaa taya zima kama mtu aliyepigwa risasi, na jina langu limekuwa Bubu.

Sasa fikiria, dada. Nakula na watu, nalala katikati ya watu, wanacheka, wanabishana, wananitazama, na sielewi hata neno. Wakinong'ona, nadhani ni juu yangu. Wakiacha kunong'ona, nadhani wameshakubaliana. Mtu akinipitishia chumvi, nauangalia mkono wake kwanza. Naogopa. Nakuambia wewe wazi kwa kuwa huku sina wa kumwambia.

Mmoja wao anaitwa Kariuki. Anajua Kiswahili vizuri kwa sababu alikuwa fundi cherehani Nairobi kabla ya kuingia msituni. Tunapika sufuria moja. Alinishonea koti lilipochanika, na akishona huimba nyimbo za kanisani polepole, sauti nzuri kweli. Ningekuwa bado yule Mwakio wako wa zamani, ningesema ni rafiki yangu.

Juzijuzi tulitumwa kwenye mashamba ya kijiji kimoja, tujifanye watu wa msituni wenye njaa, tuone nani atatupa chakula. Anayetupa chakula, polisi wanamfuata baadaye. Tukamkuta mama mmoja mzee analima peke yake. Alipoona taya langu alisikitika, akanishika shavu, akamimina uji wake wa mchana kwenye kibuyu anipe. Hapo Kariuki akasema maneno machache, ya chini chini. Yule mama akaurudisha uji wake, akashika jembe, akatufukuza kwa makelele mpaka walinzi wa kijiji wakaja mbio na bunduki. Tulikimbia kama nguruwe walioingia shambani. Nusura tuuawe na watu wa upande wetu wenyewe.

Mkubwa wetu, Mzungu aliyezaliwa huku na anayesema Kikikuyu kama maji, alikasirika sana. Akatuita mmoja mmoja.

"Bubu, uliona nini?"

"Niliona mama akishika jembe, Bwana."

"Na kabla ya hapo?"

"Lugha yao siijui, Bwana."

Nayo ni kweli. Lakini macho yangu ni mazima, na yeye anajua ni mazima, maana ndiyo sababu ya kuniajiri.

Siku iliyofuata tulikuwa tunaokota kuni, mimi na Kariuki tu, nikamwuliza alimwambia nini yule mama.

"Nilimwambia uji wake umeungua," akasema, akacheka.

"Haukuungua. Niliunusa."

Akaacha kucheka. Akaangalia nyuma, akaangalia juu mitini, ndivyo tulivyo sisi sote sasa.

"Yule ni dada ya mama yangu, Mwakio. Amenibeba mgongoni. Nimwache afungwe kwa sababu ya uji? Wewe ungefanya nini?"

Nikafunga mzigo wangu wa kuni. Nilitaka kumwamini, dada, nilitaka sana. Lakini nilianza kujiuliza: kwa nini ananiambia mimi? Labda ametumwa na mkubwa aone kama nitasema ama nitanyamaza. Nikisema, na ikiwa ni kweli, nimemtia Kariuki kitanzi. Nisiposema, na ikiwa ni mtego, nimejitia mwenyewe. Nimenyamaza mpaka leo.

Sasa sikia shida yenyewe. Wiki hii mkubwa aliniita hemani kwake akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Nikajua kuna jambo. Mzungu hamiminii Bubu chai bure.

"Umefanya kazi nzuri. Nakupa likizo, ukawaone wazee wako Wusi," akasema.

Dada, moyo uliruka. Palepale niliona ile njia ya kupanda kwetu, nikasikia harufu ya Mama akiponda mihogo na maharagwe ya kimanga. Nilikuwa karibu kumbusu mkono.

"Na utamchukua Kariuki," akaendelea. "Hana pa kwenda, kwao watamuua. Mpeleke kwa mama yako apumzike. Ukirudi utaniambia alionana na nani na alisema nini. Askari wa Voi watakuwa wanapita pita karibu na kwenu, usiwe na wasiwasi. Wewe kaa tu kama nyumbani."

Kaa kama nyumbani! Ni nyumbani kwangu, halafu yeye ndiye wa kunikaribisha.

Nilipotoka nilimkuta Kariuki ananingojea, uso wote meno. "Amekubali! Nimemwomba muda mrefu," akasema. Halafu akaniambia kwamba ndugu yake amefungwa katika ile kambi kubwa kando ya reli, kabla ya kufika kwetu Voi. "Treni ikipita, labda nitamwona. Hata mgongo wake tu unanitosha."

Labda ni hivyo tu, anataka kuona mgongo wa ndugu yake. Labda ana ujumbe wa kupeleka. Labda anataka kutorokea Tanganyika kwa njia ya Taveta. Ama labda yeye ndiye anayenichunga mimi, na huyo ndugu hayupo kabisa. Nimezungusha mambo haya kichwani mpaka kichwa kinauma. Ninalolijua kwa hakika ni moja: mmoja wetu ni chambo, na ndoana inawekwa nyumbani kwa Mama.

Hilo sitakubali. Unamjua Mama. Atampa mgeni kiti chake, atamchinjia kuku, atamwuliza habari za mama yake mzazi mpaka mtu alie. Na Kariuki akilia atasema yote, na mimi nitakuwa nimekaa pale nikisikiliza kwa masikio ya mkubwa. Halafu askari waingie wamchukue mbele ya mafiga. Mama ni mtu wa Rukanga. Alikuwa mtoto mdogo wakati ule wa vita ya Wajerumani, Waingereza walipowakusanya watu wote wa mlima wa Kasigau, Rukanga ikiwemo, wakaswagwa mpaka Malindi, kwa kuwa ilisemekana wamemwonyesha adui njia. Wangapi hawakurudi? Mpaka leo akisikia buti huacha anachofanya, hata kama ni ugali uko motoni. Huyo ndiye nimletee buti mimi mwanawe?

Siwezi kumkatalia mkubwa. Nikikataa, ataniuliza namficha nani. Ila nyinyi mnaweza kunikataa. Ndiyo maana ya barua hii.

Keti uandike barua ya pili, uitie posta. Itafunguliwa na kusomwa kabla haijanifikia, kwa hiyo iandike kwa ajili ya wale watakaoifungua. Andika kwa jina la Baba, yeye akikutajia maneno. Sema ana hasira nami tangu nilipoondoka, hasira ambayo bado iko moyoni mwake, na kwamba nisikanyage Wusi, mimi wala mtu yeyote niliye naye. Mkubwa amejifunza desturi za kila kabila kwa ajili ya kazi yake. Anajua kwamba Mtaita hawezi kuingia nyumba ambayo mzee wake ana hasira, maana watoto wataugua na ng'ombe watakauka maziwa. Atakasirika, lakini atatuacha. Kariuki atabaki hapa bila likizo, atanilaumu, na hatajua kamwe. Na awe msaliti ama awe mtu mwema, hatachukuliwa kutoka kwetu.

Usiandike kwa huruma. Ukiandika kwa huruma watajua. Andika kama siku ile nilipovunja mtungi wako mpya.

Najua neno hili ni zito. Hasira haitajwi bure kwetu, hata kwa uongo, kwa kuwa neno likishatoka laweza kuota mizizi. Kwa hiyo barua ikishaondoka, mwombe Baba achukue pombe ya miwa, aiteme kwa ile dua ya kutasa, ya kuitoa hasira na kubariki, aseme kwamba hana kitu moyoni juu yangu na kwamba yaliyoandikwa yametoka kalamuni tu. Mama atasema yeye ni mtu wa kanisa na mambo hayo ameyaacha. Mwambie aende bandani akatazame kuku.

Nisalimie Mama mara nyingi, mwambie goti alikande na maji ya moto asisubiri mimi. Msalimie shemeji, aendelee kufunga mdomo wake hapo stesheni. Salamu kwa shangazi wa Ronge, kwa mwalimu aliyetufundisha kusoma, na kwa mjomba wa Rukanga, ambaye namwomba asimfundishe mtoto mwingine nyayo.

Kuanzia hapa usiwasomee wazee. Utaona sijamtumia Baba salamu. Nimejaribu, kalamu haikwenda. Siku niliyoondoka nilimwinamia anibariki. Alikuwa na kibuyu mkononi, akanywa, na sikumwona akitema. Aligeuka akaenda kuangalia mfereji wa maji. Nimejiambia kwamba kikohozi kilimzuia. Nimejiambia kwamba alitema nikiwa nimeshageuka. Basi dada, utakapokuwa ukiiandika barua ile, msikilize anavyokutajia maneno. Kama itabidi umsaidie kuyatafuta, mshukuru Mungu. Kama yatamjia haraka, na ukimpa kibuyu baadaye akakataa kutasa, andika tu hayo aliyoyasema, uitume, na usiniambie. Niache nidhani ilikuwa barua ya uongo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwakio