Nimetoa Funguo za Pijo

Kilema, Moshi
22 Novemba 1981

Mpendwa mdogo wangu Mektrida,

Tumsifu Yesu Kristo. Huko Tabora mmeamkaje? Shemeji Ildefonce kifua kimemwachia? Sisi huku tunapumua. Kahawa tumechuma nusu, mvua inanyesha kwa kusuasua, na sukari tunaisikia redioni tu.

Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Siendeshi tena gari langu, lile Pijo. Zamani serikali ilitukataza Jumapili baada ya saa nane mchana. Sasa nimekatazwa siku zote saba, na aliyenikataza si serikali.

Mwezi uliopita nilikuwa nateremka kutoka misheni. Mbele nikaona mzigo wa majani ya ng'ombe katikati ya barabara. Nikadhani umedondoka kwenye lori, nikasema nitaupitia juu, magurudumu huku na huku. Kumbe ni Dominika, mke wa jirani yetu Ndelilio, ameinama na mzigo wake anatoa mwiba mguuni. Alijitupa mferejini. Alichubuka magoti, basi.

Nilimwomba radhi palepale, nikajua yamekwisha. Siku ya tatu Dominika akaja kwangu, mkononi ameshika isale, mwanangu Primus nyuma yake. Wewe unajua, jani hilo la kuombea msamaha hubebwa na mkosaji. Mimi ndiye niliyepaswa kumpelekea! Akapiga magoti yaleyale yenye vidonda, akasema, "Shikamoo baba. Nakuomba kwa isale hili, usiendeshe tena. Watoto wetu wanapita njia hiyo."

Isale halikataliwi. Nilitoa funguo. Lakini sikufichi, nimeumia. Mwanamke huyu nilimkimbiza hospitali kujifungua mara mbili, barabara yote matope. Na Primus, niliyemfundisha mwenyewe kushika usukani, alishindwa kuniambia uso kwa uso, akajificha nyuma ya mke wa mtu. Sijamsamehe.

Nilishuka Moshi kwa basi hadi kwa Jaswant, yule fundi wetu wa siku zote, nikitumaini atanitetea. Akacheka. "Gari zima, mzee. Wewe ndiyo unahitaji spea, na za kwako siku hizi hazipatikani." Mimi sikucheka.

Sasa Primus ndiye dereva. Jumapili ananifungulia mlango kama bibi harusi, ananiuliza kama nimekaa vizuri. Naitikia, kisha natazama dirishani mpaka kanisani.

Msalimie shemeji, na Anaeli mwambie babu amepata barua yake, mwandiko umenyooka. Mungu awafunike wote kwa mkono wake.

Kuhusu Krismasi, njoo kama kawaida. Miaka kumi na tisa nimekupokea stendi mwenyewe, hata mwaka ule basi lenu lilipochelewa siku nzima. Safari hii atakupokea Primus. Ameniambia twende wote, nafasi ipo. Sitakwenda. Nitakungojea nyumbani, Mektrida, kwa sababu sitaki unione nikishuka upande wa abiria.

Ni mimi kaka yako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
Sirili