Asali ya Bibi na Ndege Wadogo

Saint Paul, Jumamosi, Agosti 1996

Joto limepungua leo, na mimi nina aibu ambayo lazima niiandike mahali.

Ni kuhusu asali.

Bibi, mama yake Baba, yuko kwetu tangu Juni. Alikuja na chupa mbili za asali ya Tabora, kaziviringisha kwenye kanga. Alipoona kile kichupa ninachowatundikia ndege uani, chenye maji ya sukari, alisikitika. "Mgeni gani anapewa maji ya sukari, na asali ndani imo?" Tangu hapo kila jioni anakijaza asali yake.

Ndege wenyewe ni wadogo, kama chozi, wale wafyonza maua wa nyumbani, ila hawa hunywa wakiwa wamesimama hewani, mabawa huyaoni. Nawapiga picha kwa kamera ya Baba. Nyingi hutoka kivuli tu.

Kitabu cha maktaba kinasema asali huwaotesha ukungu kwenye ulimi, wakafa. Nilisoma mara mbili. Kumwambia Bibi sikuweza. Mimi hata shikamoo yangu haisikiki. Kwa hiyo kila alfajiri, yeye akisali, namwaga asali na kutia maji ya sukari. Wiki tatu sasa.

Asali ya Tabora. Kwenye sinki.

Leo picha zimetoka dukani. Moja imekubali kabisa: dume mwenye koo jekundu, na nyuma yake Bibi kitini, anacheka. Bibi aliishika muda mrefu.

"Wewe msomi wa lugha mbili, niandikie hapa nyuma, imwendee shangazi yako. Ndege wa Marekani na asali yangu."

Nikaandika *Ndege wa Marekani na*, nikaweka kalamu chini. Nikasema yote, macho mezani.



"Chupa nzima?"

"Ya pili imebaki robo, Bibi."

"Na mimi najisifu kwa mama yako kila siku." Akavuta pumzi. "Ungeniambia siku ile, ningenuna mpaka chakula cha mchana. Basi."

Nililia kidogo.

"Haya, malizia. Na maji ya sukari. Asali tutainywa sisi."

Akanikorogea kwenye chai, vijiko vitatu. Ilizidi utamu mpaka koo likawasha. Nikainywa yote bila kusema neno.

Kesho akichukua kijiko, nitamwambia kimoja kinatosha.