Chuma cha Tela Kwenye Gari la Mbio

Mjukuu wangu Telesia,

Marahaba, mama. Barua yako imefika. Bibi yako mguu umepata nafuu. Juzi amepura ulezi mwenyewe. Unaniuliza kama kuogopa kila unapomchoma mgonjwa sindano ni dalili kwamba uuguzi haukufai.

Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, nilikuwa fundi wa kuchomelea hapa Sumbawanga. Kijana mmoja mfanyabiashara aliniletea gari la mbio la milango miwili, akataka nilifungie chuma cha kukokotea tela. Alikuwa anapeleka mashine ya kusaga kijijini Wampembe, akiwa na mama yake. Nilichomelea, akaondoka akifurahi. Mimi chakula kikanishinda. Bati la chini ya gari lile lilikuwa jembamba mno, nami nililiona nikanyamaza, nisionekane sijui kazi.

Nikapanda baiskeli nikawafuata. Niliwakuta Kasense, si mbali na mjini, wamesimama kununua maharage.

"Usiondoke," nikamwambia. "Sina uhakika na kazi yangu."

"Ndiyo unasema sasa hivi, fundi?"

Tukalala chini tukachungulia. Bati lilikuwa limeanza kuchanika. Kijana alimtazama mama yake ndani ya gari, kisha akaanza kufungua tela. Mashine ilikwenda kwa lori.

Nilichomelea miaka mingi baada ya hapo, na hofu ile haikunitoka. Ukiwa na shaka, mama, mwite mkubwa wako aangalie, hata kama mgonjwa anakutazama.

Tunakuombea kila siku.

Babu yako