Video ya Mama

Jumapili usiku

Bado kinyaa hakijanitoka, na aliyenitia kinyaa ni kaka yangu wa damu.

Alikuja mchana kutoka Tegeta kumjulia hali Mama. Nilikuwa nimemkalisha kitandani, namfanyisha mazoezi tuliyofundishwa hospitali. Mama amevuka miaka tisini. Kiharusi kimempooza upande wa kulia na maneno yanamtoka kwa shida. Mate yalikuwa yanamchuruzika kidevuni.

Kaka hakutoa hata shikamoo. Alitoa simu, akaanza kurekodi.

"Usimfute kwanza," akaniambia. "Wenzetu kwenye grupu la ukoo waone hali halisi, wamwombee."

"Kaka, Mama anakusikia!"

"Anasikia nini, kwa umri huu?"

Hapo Mama akainua mkono. Ule wa kulia, ambao tangu augue haujawahi kusogea bila mie kuushika. Ulipanda ukitetemeka, ukavuta kanga, ukafunika uso.

Nimeuombea sana mkono ule. Nilipaswa kupiga vigelegele, lakini nilichoona ni aibu tu iliyouinua.

"Muujiza!" kaka akapaza sauti, simu bado imemwelekea. "Mama, hebu fanya tena!"

Nikampokonya simu, nikaifuta ile video. Akaondoka amenuna, ananiita mshenzi. Na aniite.

Sijui kama mkono utainuka tena. Hilo linaniogopesha.

Mama alibaki amejifunika muda mrefu. Kisha akauliza, taratibu, "Kaenda?"

"Kaenda, Mama."

Ndipo akaiachia kanga, nikamfuta.